Waliokuwa Wakibisha Kwenye Seva Yetu

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za leo. Mchungaji amenipa dakika chache katika ibada hii ya mavuno, nami nitazitumia zote.

Niliporudi kutoka Dar es Salaam na stashahada yangu ya kompyuta, watu wa Mikumi walisema sitaweza. "Kompyuta huku? Nyani watakula waya." Mwingine, ambaye leo ameketi humu ndani na simtaji, alisema, "Huyo atauza vocha mpaka azeeke." Ndugu zangu, nawaambia, sijauza vocha hata siku moja. Stashahada ile nilijisomesha kwa kubeba magunia mchana na kusoma jioni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Hata kazi niliibuni mwenyewe. Wakulima wa mpunga wa skimu moja ya umwagiliaji hapa Kilosa waligombana kila msimu juu ya zamu za maji. Nikawatengenezea mfumo: unapata ujumbe kwenye simu, zamu yako ni Jumanne asubuhi, fungua mfereji. Mfumo ulikaa kwenye seva ya Linux, yaani kompyuta isiyozimwa, tuliyokodi Dar es Salaam, na mimi niliiendesha kwa mtandao nikiwa nyumbani Mikumi. Msimu wa kwanza hakuna aliyemnyanyulia mwenzake jembe.

Ndipo kamati ya skimu ikaanza kuniangalia vibaya. Mwenyekiti wetu, bibi aliyekulia katika kijiji cha ujamaa, akaniita.

"Mjukuu wangu, enzi zetu ufunguo wa ghala ulitundikwa ukutani, kila mtu akiuona. Aliyeutia mfukoni tulijua ni mwizi. Wewe neno la siri la mashine yetu umelificha wapi?"

"Bibi, likijulikana na wote si siri tena."

"Basi wewe ndiye unayetuibia maji."

Mnanielewa? Kwa kunyamaza tu nilikuwa mwizi. Nikatoa. Kamati nzima ikapewa neno moja la akaunti kuu, ile yenye ruhusa ya kufanya lolote, hata kufuta kila kitu. Na kwa kuwa walitaka neno la kukumbukwa bila kuandikwa, wakachagua "ujamaa". Sikupenda, lakini nilitaka amani.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja zamu zote zilikuwa zimefutwa. Mpunga ulikuwa unatoa masuke, wakati unaotaka maji kuliko wakati wowote. Wa juu wakafungulia maji watakavyo, wa chini wakakaukiwa. Nikarudisha zamu kutoka kwenye nakala niliyokuwa nayo. Zikafutwa tena.

Walinishuku mimi. Mimi nikamshuku katibu, mtu wa jamii ya wafugaji, kwa sababu tu ng'ombe wa kwao walikunywa kwenye mfereji ule. Katibu akamshuku mweka hazina. Mtu akitoa simu mfukoni, wote tulimtazama vidole. Mwishowe kamati ikaichukua laptop yangu na kuifungia ofisini, ikatangaza kwamba mkutano wa wanachama utanifukuza, na jina langu litasomwa mbele ya wote kuwa ni mwizi wa maji. Ndugu zangu, mtu aliyejitengeneza mwenyewe hana urithi mwingine. Jina lile ndilo lilikuwa shamba langu.

Nikaomba kitu kimoja: wote wanaolijua lile neno wakae chumba kimoja, simu zikiwa zimezimwa. Katibu akaleta laptop yake.

"Tumia hii," akasema. "Ila nakaa ubavuni kwako, nakuangalia."

Tukaketi. Chai ikaja.

"Tunasubiri nini?" akauliza bibi.

"Mwizi, bibi."

"Mwizi gani, na wote tupo hapa?"

"Ndiyo maana nasubiri."

Nikaiuliza seva ni nani yumo ndani. Ikajibu: wewe peke yako. Mweka hazina akacheka, "Stashahada hiyo jamani!" Nikauliza tena, na tena. Chai ilikuwa imeshapoa akaunti kuu ilipoonekana mara mbili: mara moja mimi, mara ya pili mtu mwingine, kutoka anwani ya mbali nisiyoijua.

Nikasema, "Mikono mezani." Mikono yote ilikuwa mezani.

Bibi akaisogelea skrini. "Huyu wa pili nani?"

"Simjui. Wala yeye hatujui. Ana programu inayobisha kila seva duniani, usiku na mchana, ikijaribu neno moja baada ya jingine. Letu lilikuwa jepesi, ikalipata. Akishaingia hufuta vya wenyeji apate nafasi ya mambo yake."

Katibu akanigeukia. "Kumbe si wewe."

"Kumbe si wewe," nikamjibu.

Seva ile sikuisafisha. Niliifuta yote nikajenga upya, maana huwezi kujua mgeni wa namna ile ameacha nini uvunguni. Sasa akaunti kuu haiingiwi tena kutoka nje. Kila mtu anaingia kwa jina lake, kisha anaomba ruhusa, na seva inakumbuka nani alifanya nini. Neno la siri peke yake halifungui. Kila mmoja ana ufunguo wake wa kompyuta, yaani faili la siri lisiloweza kubahatishwa, na seva inabaki na kufuli la ufunguo huo. Anayebisha ovyo anafungiwa nje.

"Na ukifa?" bibi aliuliza.

"Wengine wana funguo zao. Mmoja akiondoka, tunang'oa kufuli lake tu. Wengine hawaguswi."

Akafikiri. "Basi na mimi nipeni wangu." Nilimwekea kwenye flashi. Anaifunga kwenye pindo la kanga.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu aliyeniazima betri ya sola, fundi pikipiki aliyeniazima modemu, na katibu aliyeniachia laptop yake mpaka kazi ikaisha. Ninachowaachia ni hiki: mali iwe ya wote, lakini ufunguo usiwe wa wote. Na kabla hujamshuku jirani, kagua mlango.

Siku kamati iliponirudishia laptop yangu, niliifuta kwanza, maana ilikaa ofisini mwa watu. Kisha nikazunguka Kilosa nzima kwa pikipiki nikirudisha vya watu: betri, modemu, na mwisho laptop ya katibu. Aliipokea, akaifungua papo hapo barazani.

"Ufunguo wako umeutoa humu?"

"Nimeutoa."

"Nionyeshe."

Nikaketi, nikamwonyesha.