Tabasamu Anachagua Bahari

Benchi letu liko kati ya duka langu la ushonaji na studio ya picha ya Tabasamu. Lina miguu mitatu na tofali, kwa hiyo anayekaa upande wa tofali hainuki mpaka atangaze, la sivyo wenzake wote wanakwenda chini. Mimi ndiye Toba. Waliniita hivyo kwa sababu kila nikiteleza ulimi naomba msamaha kwa Mungu papo hapo, kisha nateleza tena. Jumamosi ile niliacha suruali ya mteja mezani haina zipu, na nilikuwa nimeshamwambia iko tayari. Lakini ningekaaje dukani? Tabasamu alikuwa ameshinda. Alipiga picha ya jicho la chura kwenye ndoo ya uani kwake, akaituma kwenye mashindano, barua ikaja: safari ya watu wawili kwenda kuzamia baharini na mitungi ya hewa, akapige picha huko chini, kila kitu kimelipwa. Achague sehemu moja kati ya tatu na kujaza fomu. Mwalimu wa kuogelea angepita saa sita mchana kuichukua. Fomu ikiwa na pengo, zawadi inakwenda kwa mshindi wa pili.

— Soma tena ile ya kwanza, alisema Katibu. Huyu alistaafu ukarani mahakamani, ila kalamu haijatoka sikioni.

— Maji maangavu, Tabasamu akasoma. Unaona mpaka mita thelathini. Ukuta wa matumbawe, samaki wa kila rangi.

— Tia tiki hapo. Hoteli ina vitanda viwili?

— Katibu, huku chini kuna sehemu nyingine ya kujaza, inasema…

— Ya chini tutaifikia. Fomu hujazwa kutoka juu, bwana.

Nahodha akaguna. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kofia tu. Chombo hajawahi kupanda.

— Maji maangavu ni hatari, alisema. Wewe unamwona papa mita thelathini, na yeye anakuona mita thelathini. Anapata muda wa kukufikiria.

— Sasa tukazamie wapi, kwenye kisima?

— Ya pili inasemaje?

— Mkondo mkali, Tabasamu akasoma. Papa wengi, na samaki waitwao taa, wenye mabawa mapana kama paa la banda.

— Hapo hapo! Mkondo ndio salama yako. Unakupitisha mbele ya papa mbio, kabla hajaamua kama una nyama ya kutosha wewe umeshafika kwenye chakula cha mchana.

— Picha je? Nitapigaje nikiwa mbio?

— Si unabonyeza tu! Utakachokipata ni riziki yako.

Mama Birika, anayetuuzia kahawa, alicheka mpaka akamwaga kidogo.

Hapo na mimi nikataka kusikika. Nikasema nimesoma mahali kwamba papa hamgusi mtu aliyevaa nguo ya mistari ya kushuka, maana anadhani kuna nondo za dirisha katikati.

— Umesoma wapi, Toba?

— Mahali.

Sikusoma popote. Dukani nilikuwa na kitambaa cha mistari ambacho tangu mwaka juzi hakuna aliyekigusa. Mungu anisamehe.

— Mimi nasimama na ya kwanza, alisema Katibu. Samaki wa karibu na hoteli wamezoea wageni. Wanajua upande wao mzuri. Wengine wanageuka wenyewe kabla hujawaomba.

— Nani kakwambia?

— Nahodha, mimi nimekaa mahakamani miaka thelathini. Namjua anayependa kutazamwa.

— Samaki?

— Yeyote!

— Na akikataa kupigwa?

— Analeta pingamizi. Ndiyo maana namwogopa pweza. Mikono minane! Atasaini pingamizi nane kwa mpigo.

— Haya, ya tatu, nilisema. Hatujaisikia.

Tabasamu akakohoa kidogo.

— Ya tatu ni matope.

Tulicheka mpaka benchi likayumba.

— Matope! alisema Nahodha. Tabasamu, mtaro si huo hapo? Zamia sasa hivi, tukushikie viatu.

— Sikilizeni basi. Maji yana ukungu, chini kweusi, matumbawe hakuna. Lakini kuna viumbe vidogo vimejificha. Mimi nataka huko.

— Uzito wa kamera umekuingia kichwani, alisema Katibu.

— Miaka ishirini na miwili napiga nyuso, alisema Tabasamu. Pasipoti, vitambulisho, kadi za kazi. Ukuta mweupe, uso mmoja, karibu. Sijui kupiga mlima, sijui kupiga machweo. Nipe papa mkubwa kama lori, atatoka kwenye picha kama soksi. Lakini huko matopeni kuna kamba mdogo kuliko ukucha huu, na ana uso. Hakuna aliyewahi kumwambia akae wima atazamwe.

Akaikunja barua. Kisha, bila kutuangalia:

— Nyinyi mnaona studio iko wazi, basi. Watu wanajipiga wenyewe kwa simu. Wiki hii ameingia mteja mmoja, na alikuwa anaulizia choo.

Tukatazama vikombe vyetu. Halafu Nahodha akapiga paja.

— Matope safi kabisa! Papa haendi matopeni, anaogopa kuchafuka.

— Tunakwenda matopeni! alisema Katibu, akatia tiki kwa kalamu ya sikioni.

— Tunakwenda, nikaitikia. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitampa nani funguo za duka.

— Sasa ile sehemu ya chini… alianza Tabasamu.

Lakini mwalimu wa kuogelea alikuwa ameshafika na baiskeli yake, filimbi shingoni, nywele bado mbichi. Akasalimia, akachukua fomu, akaisoma kutoka chini kwenda juu.

— Mahali pamejazwa, vizuri. Mwenzake mbona hamkumwandika?

— Mwenzake wa hotelini? aliuliza Katibu.

— Wa majini, mzee wangu. Mpiga picha akishaweka jicho kwenye kamera, hewa anaisahau. Mwenzake anakaa ubavuni, anamtazamia kipimo cha mtungi, anamgusa bega: turudi. Bila mtu huyo simshushi. Kuogelea nitamfundisha mwenyewe bwawani, wiki sita, kuanzia Jumatatu. Nilipokuwa nakuja niliwasikia mnasema "tunakwenda". Nani sasa?

Katibu akarudisha kalamu sikioni. Nahodha akavua kofia, mara ya kwanza tangu nimjue, akaichungulia ndani. Tabasamu akatutazama mmoja mmoja, jinsi anavyotazama kabla ya kubonyeza.

Naungama. Mke wangu alipougua, Tabasamu ndiye aliyekuwa akifungua duka langu kila asubuhi na kuwaambia wateja nguo zao ziko tayari, naye hapendi uongo. Na mimi maji yakinipita magoti naanza kusali kwa sauti.

Nikainua mkono.

Uso wa Tabasamu ukafunguka kama pazia la studio. Mwalimu akamwomba Katibu kalamu.

— Kahawa kidogo, Mama Birika, nikasema, kana kwamba mkono ulikuwa wa kumwita yeye.

Mama Birika aliligeuza birika juu chini mbele ya macho yangu. Halikutoka hata tone.

— Imekwisha, Toba. Uteremshe mkono, au uuache hapo hapo utaje jina.

Saa ya ukutani ya studio ilionyesha saa sita kasoro dakika tatu. Mimi ndiye niliyekaa upande wa tofali, nisingeweza kuinuka bila kutangaza, na mkono wangu ulikuwa bado juu.