Alama Mbili za Mzee Ephantus Njau

Marehemu Mzee Ephantus Njau Gachau alizaliwa Theta tarehe 14 Machi 1961. Alisoma huko huko nyumbani hadi kidato cha nne, mwaka wa 1979. Alipoulizwa matokeo alisema, "Si mabaya." Babake alikuja kuambiwa na mwalimu, wiki nzima baadaye, kwamba alikuwa wa kwanza.

Alimwoa Beth Wamboi tarehe 12 Desemba 1987, kanisani Gitothua. Wazee walipomuuliza kama ataweza kutunza mke, alijibu, "Nitajaribu." Ilibidi mjomba aingilie kati, la sivyo harusi ingevunjika.

Mwaka wa 1983 aliajiriwa katika kiwanda cha sweta za shule mjini Thika, akapanda hadi meneja. Mnamo 2016 wenye kiwanda wapya, watu wa ng'ambo, walileta fomu ya kupima mameneja. Kila mmoja ajipe alama, moja hadi tano. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo Njau alijipa mbili. Wafanyakazi nao waliombwa wampime, na fomu sabini zikarudi tupu.

"Ai! Mzee mzima nitampea marks kama mtoto wa nursery?" aliuliza Kavata wa cherehani.

Wakubwa wakaona meneja hajiamini na watu wake hawana la kumsemea. Barua ya kumwachisha kazi ikaandikwa, na Lynn, bintiye, alikuwa bado chuoni.

Mgeni aliyeileta alifika Ijumaa, akamkosa. Njau alikuwa ameenda Matuu kumzika mama wa fundi wa mashine wa kiwanda, Kimanzi. Lakini kiwanda kizima kilikuwa kinanguruma.

"Nani anawasimamia?"

"Hakuna," Kavata alimjibu. "Si ameenda kutuzikia? Akirudi apate kazi imelala, tutamwangalia na macho gani?"

Barua ilirudi ng'ambo ndani ya mkoba ulioileta. Njau alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka wa 2021, akiamini kabisa kwamba walimhurumia.

Januari mwaka huu wa 2025 alipatikana na saratani ya tumbo. Muuguzi alimuuliza maumivu ni kiasi gani, moja hadi kumi. Akasema mbili.

"Sista," Beth akasema, "Baba Lynn akisema mbili, wewe andika tisa."

Alituacha Jumanne, tarehe 6 Mei, nyumbani Gatongora, mkono wake ukiwa mkononi mwa Beth. Inauma sana.

Ameacha mjane, Beth. Watoto, Lynn na Bedan. Wajukuu watatu, na kiwanda kizima.

Apumzike sasa. Na Mungu akitaka kujua aliishi vipi, tunamsihi asimuulize yeye. Amuulize Beth.