Mbwa wa Pili Nyumbani kwa Sila

Ukishuka stendi ya Makambako asubuhi ya baridi, fuata harufu ya tangawizi, itakufikisha kwenye benchi la kahawa la Jeni. Hapo matatizo ya dunia hutatuliwa na wataalamu wawili: Injinia, ambaye ni fundi redio, na Dokta, aliyepata cheo chake kwa kushika kamba siku moja ya chanjo ya mbwa. Leo Sila amewaletea shida ya kweli. Kamanda, mbwa wake wa miaka tisa, hataki kumwona mbwa mpya aliyetoka Makete. Amesusa chakula, na jana kamng'ata mwenzake sikio. Emilia, mke wa Sila, ameshatoa neno: wakipigana tena, Kamanda anahamia kwa mjomba, kule Ludewa. Na Sila anampenda Kamanda kuliko anavyothubutu kusema mbele ya watu.

— Yule mpya mlimwingizaje? — aliuliza Injinia.

— Kama kuku mgeni. Tumemfunga kamba jikoni, karibu na mafiga, siku tatu, apazoee.

— Hapo hujakosea hata chembe! — alisema Dokta. — Bibi yangu alifunga kuku hivyohivyo, hakuna aliyetoroka.

— Tatizo ni harufu, — Injinia akakata shauri. — Waogeshe wote kwa sabuni moja ya mche. Kamanda atajua ni ndugu.

— Sabuni ya nini! Hawaelewani lugha hao. Wa Makete anabweka Kikinga, Kamanda anabweka Kibena.

— Mbwa ana kabila, Dokta?

— Bwana, mimi nimefanya kazi na mbwa.

— Siku moja!

— Siku nzima!

Injinia alifikiri kidogo, akapiga paja.

— Basi dawa ninayo. Nakuazima redio, Sila. Iweke katikati yao, wasikilize taarifa ya habari. Wiki haiishi, wote wanabweka Kiswahili.

— Hapo sasa umesema! — Dokta akampa mkono.

Sila alianza kupata matumaini. Jamaa walikuwa na uhakika, naye tangu jana hakuwa na uhakika wa lolote.

Mwishoni mwa benchi alikaa mama mmoja mwenye kikapu, akisubiri basi la Ikonda. Hakuna aliyemjua.

— Samahani, kaka zangu, — alisema. — Huyo mgeni analala jikoni, kwenye moto. Kamanda analala wapi?

Injinia akawa anatazama magari. Sila alijua. Kamanda alikuwa akilala nje, mlangoni, na baridi hii ya Juni. Miaka tisa yote hakuna aliyewahi kumwambia aingie. Sila akainuka bila kuaga, akaenda kumfungulia Kamanda mlango wa jiko.