Mama Mgongo Anaiacha Meza ya Vito vya Zamani

Ifikapo tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkadiriaji wetu wa mapambo ya zamani atavua koti lake la kazi na kustaafu. Duka hili la vitu vya kale halijawahi kumweka mtu mwingine kwenye meza ile ya dirishani, na kusema kweli hatujui tutafanyaje. Anayeandika maneno haya ni fundi saa wa meza ya pili, jirani yake wa miaka mingi.

Wengi mnamjua kwa jina la Mama Mgongo. Alilipata kwa sababu kila aliyemletea pambo, hata liwe linameremeta vipi, aliambiwa kwanza aligeuze. Uso umetengenezwa ili upendeze, alitufundisha, lakini kwa nyuma fundi hakujisumbua kuficha kitu. Jina likavuma hadi mzee mmoja akaingia akijikongoja, akaomba achuliwe kiuno. Mama Mgongo alimpa kiti na chai, akamkadiria umri wa pete yake, na mzee akaondoka bado anaumwa ila amefurahi.

Kazi yake haikuwa ya dhahabu wala almasi. Ilikuwa ya vito vya kioo, lulu za kuiga na bangili za plastiki, vitu ambavyo wengi huwapa watoto wachezee. Alisugua bangili kwa kidole gumba hadi ipate joto, akainusa, akajua ni plastiki ya enzi gani. Alitazama kama kito kimeshikwa kwa meno madogo ya chuma au kimebandikwa kwa gundi tu. Nyumbani alikusanya hereni zilizopotezana na pacha wao, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumwona amevaa mbili zinazofanana. Mke wa mwanawe bado husimulia kwamba siku ya kutambulishwa, mama mkwe alimkumbatia muda mrefu mno. Kumbe alikuwa anachungulia kifungo cha mkufu.

Kanuni yake ilikuwa kwamba umri wa pambo hautajwi kwa ushahidi mmoja. Mgongo, vito na uzito lazima vikubaliane. Aliivunja kanuni hiyo mara moja, na mara hiyo moja ndiyo inayotufanya tumuage kwa moyo mzito.

Mwanamke wa makamo alileta bruchi ya buluu, pini ya kifuani yenye umbo la jani. Mama yake alimwambia siku zote kwamba baba aliinunua kabla ya harusi yao, na baba huyo alifariki binti akiwa hajaanza hata kutambaa. Duka lilikuwa karibu kufungwa na watu wamejaa. Mama Mgongo, aliyesifika kwa kujibu papo hapo, aliigeuza akaona kifungo chenye kufuli dogo. Akasema kifungo cha namna hiyo kilianza kutumika miaka mingi baada ya kifo hicho. Alisema kwa uchangamfu, kama kawaida yake, wala hakumtazama usoni aliyeambiwa.

"Mama yuko hai," mwanamke yule alisema. "Nitakwenda kumuuliza ni ya nani."

Akaiacha bruchi mezani, akatoka.

Siku chache baadaye Mama Mgongo aliisafisha kwa brashi laini, na lehemu iliyo chini ya kifungo ikaonekana ina rangi tofauti na chuma kingine. Akanisogezea nitazame. Kifungo cha awali kilikatika, na fundi fulani akaweka kipya. Vito vilishikwa kwa meno, uzito ulikuwa wa zamani. Kila kitu isipokuwa kile kifungo kilikubaliana na maneno ya mama.

Mama Mgongo alimtafuta mwanamke yule kwa tangazo la gazetini, sokoni, na kwa mafundi wa mitaa ya jirani. Hakuwa amemuuliza jina. Hapo ndipo ulipoanza utaratibu mnaoulalamikia, wa mteja kuacha pambo, kutaja jina na anapoishi, na kurudi kesho yake. Wengine mmeuita danadana. Sasa mnajua umetoka wapi. Na hakujutia kukosea umri, kwani kukosea ni sehemu ya kazi hii. Alijutia kwamba huenda mama yule alifariki bila kuaminiwa na mwanawe.

Tulipomuuliza angependa zawadi gani, tulitegemea aombe kioo chake cha kukuzia, ambacho tungempa hata asipoomba. Yeye akaomba kona ya dirisha. Bruchi ipo pale miaka yote, haiuzwi, na chini yake pana kadi aliyoiandika kwa mkono wake: "Mama yako alisema kweli." Wapita njia huingia kuuliza ni mama yupi. Ameomba kadi isiondolewe.

Mama Mgongo, asante kwa kutufundisha kugeuza vitu kabla ya kuvisifia. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana usiokatizwa na wateja, na hereni nyingi zisizo na pacha. Kadi itabaki, nami nitaipangusa vumbi kila asubuhi. Mwenye bruchi akija, hatutasema neno. Tutampa kiti na chai, kisha tutakupigia simu uje umwambie kwa kinywa chako. Tunaomba tu asichelewe zaidi.