Mashine Mupeni Iliasi

Sikilizeni wanangu, Djafari kule Kindu na Djamila kule Bukavu. Léocadie amenishikia simu anarekodi, basi leo hamutanikata maneno kama kawaida yenu.

Nimesikia munataka kumupa jirani yetu Iliasi mashine yetu ya kukoboa mupunga, aiendeshe kwa kontra, yaani kwa mukataba, maana hakuna mutoto wangu anayetaka kurudi Kasongo kula vumbi la pumba. Haya, mupeni. Lakini andikeni, mali bila daftari hupotea bila habari. Marehemu baba yenu alimupa Hemedi kazi ya kutubebea mupunga toka Kabambare kwa kushikana mikono tu, eti wanasali safu moja. Hemedi akamupa Zéphirin, Zéphirin akamupa mutu wa pikipiki tusiyemujua hata jina, magunia yakanyeshewa njiani kule Lusangi mpaka mupunga ukaota, na tulipouliza, kila mumoja alimunyoshea mwenziwe kidole. Basi andikeni kwamba Iliasi hatamupa mutu mwingine kazi hii bila ruhusa yenu. Kwamba mashine inabaki ya ukoo. Mukanda wa mashine ukikatika nani ananunua, muchele wa mutu ukiharibika nani anajibu, vita ikifunga njia kazi inasimama namna gani, na mukichokana mutaachana vipi bila mashine kubaki uani kwake. Olga na wenzake wanaopepeta wasifukuzwe. Mukigombana, wazee kwanza, tribinali na majaji wake baadaye. Na avoka, mwanasheria wenu, awasomee wote kwa Kiswahili, mutu asitie sahihi juu ya asichokielewa.

Ngojeni nipumue.

Wanangu, nyumba iko kimya. Léocadie muliyemuajiri ananilisha, ananigeuza, ananifulia, sina lawama naye hata kidogo. Lakini jioni anarudi kwa watoto wake, nami nabaki nasikiliza pikipiki barabarani, nikidhani moja itasimama hapa. Nina upweke, nasema wazi, na ninyi mukasirike mukitaka.

Kwetu mama akifa anaoshwa na binti yake. Wanawake wa musikiti wapo, wataniosha vizuri, najua. Sitaki. Djamila, nataka mukono wako. Barabara ni mbaya, ondoka sasa, usingoje simu ya kilio. Djafari, wewe ushuke kaburini unipokee.

Mungu awape riziki ya halali, awape uzee wenye watu ndani ya nyumba... Sauti inaniisha. Djamila, ukifika usipige hodi. Nimemwambia Léocadie asifunge mulango. Ingia tu, mama, ingia...