Papa Polycarpe na Foto ya Kanyere

Ndugu na jirani mliopanda kilima hiki na matope ya mvua ya jana, aksanti. Leo tunamzika Papa Katembo Polycarpe, mpiga foto wa Masisi. Msikilize mpaka mwisho, maana mwisho unamhusu mtu mwingine.

Alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1971. Wazazi wake, wafanyabiashara, walimleta Masisi akiwa bado mgongoni. Alisoma hapa, primaire na sekondari, akapata diploma mwaka 1991. Walimu walisema ni mtoto mtulivu. Hakupenda maneno mengi, basi.

Mwaka 2004 alifungua studio karibu na soko. Ordinatere yake, kompyuta ya kazi, ilikuwa inajaa virusi kila mteja alipochomeka kifaa chake, mpaka rafiki yake Esdras, fundi wa Goma, akamwekea Linux, sisteme ya bure ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuifungua na kuitengeneza. Mashine ya kuchapa ikaikataa. Polycarpe aligombana nayo hata kula akasahau. Barabara ya Goma ilipofungwa na vita, wino wa rangi ukakosekana, akabaki na mweusi. Akaifunza mashine kutumia huo mweusi peke yake, ili kijivu kitoke safi, kisiwe na ukijani. Kila foto aliipeleka mlangoni kuiangalia kwa mwanga wa jua kabla ya kumpa mwenyewe.

Lakini kwetu foto nyeusi na nyeupe ni ya karatasi ya mazishi, ile yenye musalaba na jina la marehemu. Papa Albert, muuza jibini, alipopewa yake alijishika kifua. “Polycarpe, uliniua lini?”

“Bado, Papa. Ni wino wa rangi njo ulikufa.”

Mwaka 2003 alikuwa amefunga ndoa na Mama Kanyere Emérita. Mungu hakuwajalia mtoto, lakini nyumba yao ilikuwa na kicheko. Mnamo Oktoba 2008 Kanyere alishuka Ngungu kununua maharagwe. Mapigano yakaanza, watu wakakimbilia upande wa ziwa, naye hakurudi.

Polycarpe alichapa foto ya muke wake, akaibandika Shasha, kando ya ziwa, na njia yote ya Minova, na chini akaandika kwamba anatafutwa, jina la Kanyere na la studio. Aliporudi Shasha kuuliza habari, mama mmoja muuza samaki alimshika mkono.

“Pole sana, Papa. Tulimuombea mama kwa misa.”

“Muke yangu iko muzima!”

“Sasa mbona foto iko nyeusi?”

Ndipo akaelewa alichokifanya. Watu hawakusoma maneno. Waliona rangi, wakafanya alama ya musalaba, wakapita. Nani atakuja kusema amemwona mtu ambaye anadhani amezikwa? Uvumi ukafika mpaka kwa wakwe zake, wakakaa matanga. Polycarpe hakukaa nao. Alibandua kila karatasi kwa mikono yake, akarudi nyumbani, na huo upweke hakuna aliyeweza kuuingia.

Mwaka 2010 alihamia Walikale, kwa sababu watu wa kila upande hupita kule. Aliwapigia foto, akawauliza kama wamemuona Kanyere; foto yake hakuionyesha tena, maana wino wa rangi ulikuwa haujapatikana. Tulimwambia aoe tena, tukamchosha. Alikula peke yake, na sahani ya Kanyere ilibaki mezani. Ilituuma kuiona.

Mwaka 2013 kifua kilimrudisha Masisi. Mnamo Januari mwaka huu alimtuma Esdras atafute wino wa rangi Goma. Ulifika akiwa hawezi tena kukaa. Alisema, “Chapeni ya Kanyere. Musitie musalaba.” Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2014, asubuhi.

Esdras aliichapa jana. Foto iliyo juu ya sanduku si ya marehemu. Ni ya muke wake, na kitenge chake cha njano, kile ambacho wino mweusi ulikificha miaka yote. Tutaipitisha mkono kwa mkono. Mliotoka Ngungu, Shasha na Walikale, muangalie vizuri, na aliyemuona aseme, hata sasa hivi tukiwa hapa kando ya kaburi.

Ameacha dada yake Rosalie, anayesoma maneno haya. Rafiki yake Esdras. Na muke wake, Mama Kanyere Emérita, ambaye hatujui mahali iko.

Papa Polycarpe apumzike kwa amani. Kanyere hatumuombei hivyo. Yeye tunamngoja.