Nilivyohamishia Blogu Yangu Kwenye Kiswahili

Mwenyekiti wa mkutano huu amenipa dakika kumi. Nitazitumia zote, na wale waliokuja kunicheka wakae vizuri, maana nawaona. Wawili wamekaa karibu na mlango ili wapate pa kukimbilia.

Mnanifahamu. Nilisoma mpaka darasa la nne. Nilicho nacho nimekipata kwa ng'ombe wawili na plau, nikiwalimia watu mashamba kuanzia hapa Chanji mpaka kule barabara inakoanza kushuka kwenda Muze. Sikumlilia mtu. Kwa hiyo binti yangu aliponifungulia blogu kwenye simu niandike mambo ya kilimo, sikuomba ruhusa ya msomi yeyote. Niliandika Kifipa, lugha niliyofundishiwa kazi na kuchapiwa fimbo.

Msomaji wangu alikuwa dada yangu mkubwa. Macho yake yamechoka, basi mke wa mwanawe anamsomea kule kijijini, wanawake wakiwa wamekaa wanapukuchua mahindi. Na wanawake wale, ndugu zangu, nawaambia, hawana adabu. Sijakaa sawa baada ya kuweka andiko, inaingia sauti kwenye simu: "Wewe, nani kakudanganya maharage yanapandwa hivyo? Futa." Nyuma yake mwingine anasema, "Huyu mdogo wako alishika jembe lini?" Wanacheka, nasikia na punje zinavyoanguka kwenye beseni. Nilikasirika kila mara. Lakini nilifuta.

Sasa kuna msomi mmoja, jina silitaji. Alinikuta dukani, mbele ya vijana.

"Shikamoo mzee. Blogu yako nimeiona. Hivi hicho Kifipa anakusomea nani, kuku?"

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Kuku wenyewe wa kizungu, mzee, hawasikii Kifipa."

"Andika Kiswahili usomwe nchi nzima," msomi akaniambia. "Kifipa ni cha jikoni."

Mimi ninayemjibu kila mtu, siku ile niligeuka nikatoka. Nilikwenda nyumbani nikabadilisha lugha. Na nisiwadanganye kwamba nilifikiria faida ya wakulima. Nilitaka yule mtu aniite mwandishi.

Nikaanza Kiswahili cha kuazima kwenye vipeperushi vya ofisini. "Wakulima wanahimizwa." "Ni vyema ikazingatiwa." Wasomaji wakaja, wa Mpanda, wa Mbeya, wananiandikia hongera mzee, nami nazisoma mara mbili mbili. Sauti za kule kijijini zikakatika. Nikaja kuambiwa kwamba andiko likisomwa, wanawake wanasikiliza kimya mpaka mwisho, kisha wanaendelea na mahindi yao. Nikadhani wamekubali.

Ndipo nikaandika juu ya intumba. Nyie mliohamia naomba mnisikilize. Intumba ni yale matuta yetu ya mviringo. Unakata majani, unayakusanya mafungu, unayafukia kwa udongo yaoze. Juu yake unapanda maharage. Mvua za msimu unaofuata zikija unayabomoa, unasambaza udongo, unapanda ulezi. Ndivyo Wafipa walivyokula miaka yote kabla ya mbolea ya mfuko. Mimi nikaandika kwamba yanatengenezwa kiangazi, baada ya mavuno, mtu akiwa na nafasi.

Mnaguna. Guneni. Mimi ni mtu wa plau, intumba nilikuwa naziona tu nikipita nyuma ya ng'ombe wangu. Kwa Kifipa nisingethubutu, dada angenivua nguo mbele ya ukoo. Kwa Kiswahili nilijisemea, nani ataniuliza?

Kuna mama mmoja alikuja na familia yake kutoka upande wa Shinyanga. Mumewe yuko bondeni na ng'ombe, yeye analima huku juu. Alisoma andiko langu. Kiangazi kizima aligonga ardhi ngumu kama sakafu, peke yake, akafukia majani makavu. Mvua ziliponyesha akabomoa, akakuta majani yako vilevile alivyoyaweka, na mchwa ndani. Ulezi ukaota, ukawa wa njano, ukasimama hapohapo.

Akaja mlangoni kwangu. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Nilifanya kama ulivyoandika."

Nikamjibu, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, "Labda hukufukia vizuri."

Akanitazama. "Baba, wewe umewahi kutengeneza ngapi?"

Nikamvutia kigoda, akakataa kukaa.

"Basi niambie watoto wangu watakula nini mwaka huu. Maandishi?"

Kesho yake nilikwenda kwa dada. Nikamweleza mbele ya wanawake wote.

"Nilijua tangu siku liliposomwa," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliandika kwa lugha ya ofisini. Watu wa ofisini hutuambia, hawatuulizi."

Nimetukanwa na watu wengi, lakini hakuna aliyenipiga kama dada yule na beseni lake la mahindi.

Februari, udongo ukiwa laini na majani mabichi, dada alikuja na wenzake kwenye shamba la yule mama. Mimi nikapewa jembe. Dada anasema Kifipa, mimi namtafsiria mama, na kile Kiswahili cha vipeperushi hakikunisaidia chochote. Nilisema: kata likiwa bichi, fukia likiwa limelowa, usikanyage. Mama akaelewa. Wanawake wakaucheka mgongo wangu uliokakamaa mpaka jioni. Mwaka ule ghala langu lililisha nyumba mbili, na sitaki makofi kwa hilo, ilikuwa haki yake. Maharage yalitoka, na msimu uliofuata ulezi wake ulisimama. Yuko humu ndani, muulizeni.

Siku hizi naandika Kifipa kwanza. Andiko linakaa wiki nzima kule kijijini linakatwakatwa. Kinachobaki ndicho nakiweka kwa Kiswahili, hiki hiki mnachokisikia, kwa ajili ya yule mama na wengine mliokuja kuishi nasi. Msomi anasema bado Kiswahili changu kina mawe. Aendelee kusema, yeye hajawahi kufukia jani.

Namshukuru dada yangu, na wale wanawake wasio na adabu, na mama aliyegonga mlango wangu badala ya kunisema pembeni. Na wewe unayetaka kuandika, usiniulize lugha ipi ina wasomaji wengi. Tafuta lugha ambayo anayeijua kazi kukuzidi anaweza kukuambia umekosea, anza na hiyo, hata kama ni ya jikoni.

Nimemaliza. Mwenye la kunisahihisha asimame sasa hivi, kwa lugha yoyote, nami nitakaa kimya nimsikilize.